Choo cha Bi Mize

Ijumaa, 19 Desemba 2025

Viza ya umra ya mama mkwe, Bi Mize, imetoka! Haroub kaniamsha kwa kuniwekea simu usoni. Nikasema alhamdulillahi, tena kwa moyo — mpaka alipomalizia habari. Bi Mize magoti yake hayakunji tena, na choo chetu hapa Jeddah ni cha kuchutama. Ametamka wazi: kama kwa Haroub hakuna choo cha kukaa, akimaliza umra anapanda ndege, anakwenda Riyadh kwa Othman.

Othman ni shemeji yangu. Mkewe, Zuwena, ni mpwa wa Bi Mize, chaguo lake mwenyewe. Mimi, mtu wa Kondoa, wa bara huko, nilichaguliwa na Haroub peke yake, bila kuulizwa mtu kwao Pemba. Tangu tuoane Bi Mize hajalala kwangu hata usiku mmoja. Na kwake sina jina. Mimi ni "mke wa Haroub". Mwambie mke wa Haroub apunguze chumvi. Mke wa Haroub hajambo?

Nataka alale kwangu. Nataka aniite mwanangu, mara moja tu, hata kwa kukosea. Basi, nimeshaandika, sasa nimeona haya.

Mwenye nyumba, Abu Talal, ametupa ruhusa ya kubadilisha choo. Ila mafundi mafi, yaani hapana! Wa mwisho walipasua bomba, sebule ikawa bwawa. Tufanye wenyewe, halas. Haroub, mwalimu wa hesabu ambaye misumari huipigilia kwa kisigino cha kiatu, akavuta kifua. "Kazi ndogo," akasema.

Jumamosi, 20 Desemba

Kazi ndogo imeanza. Tangu asubuhi anatazama video za mafundi. Kuna Mhindi mmoja kwenye simu ambaye sasa namfahamu kuliko majirani. Mchana akaenda dukani akarudi na nyundo, tindo, mwiko, pimamaji, na miwani ya kuzuia vumbi. Akavaa miwani. Akajitazama kiooni! Nikampiga picha bila yeye kujua. Itanifaa siku tukigombana.

Choo chenyewe cha zamani ni kituko. Chumba ni chembamba na kirefu, lakini kile cha kuchutama kimewekwa kukingama, magoti karibu yaguse ukuta. Haroub kacheka mpaka akakaa chini. Aliyejenga nyumba hii alikuwa kalewa, anasema. Mtu mwenye akili angekiweka kufuata urefu wa chumba! Nikacheka naye. Na kweli, kila siku nilikuwa nakilaani.

Jumatatu, 22 Desemba

Vumbi. Vumbi kwenye chai, kwenye mchele, kwenye kope za mume wangu. Vigae vya zamani havibanduki — aliyekuwa kalewa alijua kuchanganya saruji. Haroub anapiga, mimi nazoa. Anapiga kidole, mimi najificha jikoni nicheke.

Choo hatuna. Yeye anakwenda msikitini, anatoka mwendo wa haraka akijidai anawahi sala ya jamaa. Mimi naenda kwa Pauline, mlango wa mbele yetu. Pauline ni nesi, Mkenya wa Kisumu, na hana breki mdomoni. Leo kasimama mlangoni na kikombe chake.

"Aki Zeinab, nyinyi mnajenga choo ama mnachimba mafuta?"

Nikamwambia anayekuja ni mama mkwe. Akanipisha haraka, akasema pole sana, kwa nini sikusema mapema.

Jumanne, 23 Desemba

Bi Mize kapiga simu ya video, akataka kuoneshwa "kazi". Haroub akamtembeza na simu humo kifusini. Sikusalimiwa. Nikawa nyuma, nimeshika ndoo.

Akauliza, "Haroub, hapo jua latokea wapi?" Haroub akaelekeza dirishani, mwisho wa chumba. "Basi kitazame huko! Ama matlai, jua linakotoka, ama kilipe jua mgongo. Kaskazini na kusini marufuku. N'shawafundisha hayo watoto wa watu mpaka wamekuwa mababu. Nyie wa siku hizi hamjui hata kujenga choo!"

Bi Mize ni mwalimu wa chuo cha Kurani kule Pemba, na hilo la kutoielekea kibla wakati wa haja watoto wote wa mtaa wamelipata kwake, na fimbo juu. Haroub akasema "naam mama" kama yumo mbele yake na juzuu mkononi. Na kwa raha zake! Kuelekea dirishani ndiko kulikompa nafasi ya magoti. Dini na hesabu zimekubaliana, akaniambia. Hajawahi kutiiwa mama kwa furaha namna hii.

Alhamisi, 25 Desemba

Krismasi ya Pauline. Karudi zamu, kapika chapati, katuletea sahani imefunikwa na taulo. Tumekula juu ya mifuko ya saruji.

Choo kipya kimefika! Cheupe. Kizito. Haroub na mwenye duka wamekiingiza wakihema, mimi natoa amri. "Yalla, yalla, kushoto!" Nilikuwa sina haja ya kutoa amri, nilitaka tu.

Vigae napanga mimi. Haroub vyake vinapanda na kushuka, mtu akimwaga maji yatakwenda jikoni. Nimemwachia saruji. Kimoja nimekigeuza ua chini juu, kwa makusudi, nione atachukua muda gani kugundua. Yeye na pimamaji yake!

Jumamosi, 27 Desemba

KIMESIMAMA. Kinavuta maji! Tumevuta tena na tena, kama watoto. Haroub machozi yamemlenga, anasema ni vumbi.

Pauline kaitwa kukizindua. Akatoka anapiga makofi. "Imekubali. Hii sasa ni hoteli."

Nimekifunga utepe mwekundu, nimempelekea Zuwena picha. Nikaandika: Mama asisumbuke kuja Riyadh, huku tumejiandaa. Najua si vizuri. Nimefanya. Akajibu dole gumba. Dole gumba tu! Nimeimba jioni nzima.

Kigae hajakiona.

Jumapili, 28 Desemba

Siandiki sawasawa leo. Kwa kicheko au kwa hofu, sijui.

Chumbani kwetu leo hakuna pa kusalia. Godoro la Bi Mize, mashuka, mapazia yanayokauka. Adhuhuri nikauchukua mswala wangu nikautandika kwenye korido, usawa wa mshale. Mshale huo kauchora mpangaji wa zamani ukutani chumbani, unaonesha kibla. Tulipohamia kutoka Riyadh tuliukuta, tukaufuata, basi. Sijawahi hata siku moja kujiuliza jua linatokea upande gani wa mshale.

Nikasali. Nikatoa salamu kulia. Nikatoa salamu kushoto — na mlango wa choo uko wazi. Kiko hapo. Bega kwa bega na mimi, safu moja, kimetazama ninakotazama!

Astaghfirullah. Nilibaki na shingo imegeuka hivyo hivyo.

Nyumbani kibla ni kaskazini. Pemba kaskazini, Kondoa kaskazini. Kwa hiyo choo kikitazama matlai, salama. Lakini hapa ni Jeddah! Makka iko hapo nyuma ya vilima, upande huo huo wa jua kuchomoza. Bi Mize katuelekezea choo kwenye Al-Kaaba, kutoka Pemba, kwa simu, na sisi tukakitia saruji.

Nikamwita Haroub. Akautazama mswala. Akakitazama choo. Akautazama mswala tena. Mwalimu wa hesabu. Akakaa chini pale pale, akasema kwa sauti ndogo, "Aliyejenga nyumba hii hakuwa kalewa."

Na wiki nzima alikuwa anatumia vyoo vya msikitini! Vyote vimekingama. Anasema alidhani ni kwa sababu ya mabomba.

Jumatatu, 29 Desemba

Jitihada za Haroub:

Kakitikisa. Saruji yake, ambayo haijawahi kukauka vizuri mahali popote, imekauka hapo kama chuma. Na tukikirudisha kukingama, magoti ya Bi Mize yatagonga ukuta. Magoti yenyewe ndiyo yametuleta huku.

Kajaribu kukaa upande. Kaanguka.

Kasoma. Wapo wanazuoni wanaoruhusu, anasema, ikiwa ni ndani ya kuta. Nikamuuliza kama Bi Mize ni mmoja wao. Akafunga simu.

Mwisho kaja na hili: tunyamaze. Mama akae siku zake, aondoke na furaha yake, ndipo tukivunje. Kosa ni lake, lakini nani atamwambia? Kaniapisha. Nimeapa kwa kichwa tu, mdomo sikuutumia.

Pauline nimemwambia. Kacheka mpaka kashika ukuta. Halafu akauliza taratibu kabisa, "Sasa mimi Mwanglikana si naweza kukitumia tu bila stress?"

Nikamwambia karibu. Angalau kuna mtu mmoja jengo hili mwenye raha nacho.

Jumatano, 31 Desemba

Bi Mize amefika. Naandika jikoni, haraka, Haroub katoroka.

Nianze mwanzo. Kaja mdogo kuliko nilivyomkumbuka, ushungi mweupe, fimbo, na furushi la karafuu la Abu Talal asiyemjua. Tayari yumo ndani ya ihramu, nia kaitia kwenye ndege, hagusi manukato, kwa hiyo jana niliondoa sabuni zote zenye marashi. Hilo kaliona! Kainusa sabuni, kaniangalia. "Nani kafikiri hili?" Haroub akasema mke wangu. Bi Mize akasema "hm". Ilikuwa hm nzuri.

Akaomba choo. Tukamfungulia mlango. Akasimama kizingitini, akatafuta dirisha, akatafuta jua, akatikisa kichwa kwa kuridhika. Akaingia. Sisi tukabaki korido tumeshikana mikono kama wanafunzi wanaosubiri matokeo.

Maji yakavutwa. Akatoka anacheka! Sijawahi kuyaona meno yake yote.

"Hiki ndicho choo! Magoti hayakujua kitu. Ila kigae kimoja mmekigeuza."

Haroub akageuka kunitazama. Nikatazama dari.

Kumbe hajamaliza. Akataka simu, akampigia Zuwena Riyadh papo hapo. "Zuwena, chako kinatazama wapi?" Nikasikia Zuwena anahangaika, anamuuliza Othman, mara anasema kusini. "Kusini? Kivunjeni! Njoo uone cha mke... cha Zeinab."

Zeinab. Kalitamka kama analionja.

Choo cha masikini Zuwena hakina kosa lolote. Riyadh kibla ni upande wa magharibi, tumeishi huko, najua. Nilipaswa kusema. Nilibinya midomo nisicheke.

Halafu akakaa, nikamkanda magoti kwa mafuta ya nazi. Akafumba macho. Akasema Haroub hakuoa vibaya. Akasema jioni, tukimfikisha Makka, du'a ya kwanza ni ya marehemu mzee, ya pili ni yangu. "Miye nimelisubiri jambo hili tangu sijapata mvi, mwanangu."

Mwanangu! Si kwa kukosea. Kanitazama usoni alipolisema. Nikainama kwenye yale magoti nisionekane, maana nililia.

Adhana ya alasiri ikaadhiniwa. Haroub akasimama ghafla, anakwenda kununua mkate. Mikate ipo mitatu mezani! Akaondoka.

Bi Mize akaufungua mswala wake. Sikuulizwa kitu. Alishalipima jua tangu alipoingia, akautandika mwenyewe hapo korido — kaskazini. Kama nyumbani. Unatazama friji yangu. Akaniambia anachukua udhu, akaingia chooni, akafunga mlango.

Na mimi niko hapa na kalamu.

Nikinyamaza, nimepata kila kitu. Atalala kwangu. Nitakuwa Zeinab, nitakuwa mwanangu, mpaka Riyadh watajua. Na yeye atasali akiipa friji uso, leo, siku aliyoingoja umri wake wote, kisha jioni aione Al-Kaaba kwa macho na kujua iko wapi. Bi Mize si mjinga. Atapiga hesabu kabla Haroub hajamaliza kuegesha gari.

Nikiugeuza mswala, utalala sambamba na choo. Akiacha mlango wazi tu, basi.

Niliugeuza. Nikaurudisha. Nikaja jikoni, nikaandika haya. Maji bado yanamwagika, anaosha mikono.

Choo nimekinyamazia na ningekinyamazia mpaka anaondoka. Kibla siwezi. Mtu huyu kaniahidi du'a.

Nimekwenda. Nimeugeuza, nimeunyoosha pembe zote, nimerudi.

Maji yamenyamaza. Mlango umefunguka. Haujafungwa. Nasikia fimbo — moja, ya pili — imesimama.





"Mwanangu," anaita, polepole, "nani kaugeuza mswala wangu?"