Kwa Nini Naitwa Vakuoli

Mjukuu wangu Zuhura,

Marahaba. Huku Newala tu wazima. Mikorosho imechanua, na mbuzi wako kazaa mapacha.

Nimecheka sana uliposema umelikuta jina langu la utani kwenye somo la baiolojia. Basi sikia lilikotoka.

Mwalimu wetu alikuwa mgeni, mtu wa kando ya ziwa. Siku moja alichora ubaoni seli ya mmea: ukuta unaoipa umbo, utando unaochagua kipi kiingie na kipi kitoke, kloroplasti zinazotengeneza chakula kwa mwanga wa jua, kiini kinachoongoza kazi zote, na vakuoli, ghala la maji. Akauliza, "Mkubwa humu ni nani?"

"Kiini!" darasa likaitikia.

Mimi nikasema, "Vakuoli, mwalimu. Maji yakiisha jani linanyauka. Hicho kiini kitamwongoza nani?"

Darasa zima likaangua kicheko, na mwalimu naye akacheka.

Kiangazi kikaja, mabomba yakakauka. Jioni moja nikasikia hodi uani. Alikuwa mwalimu, ndoo mkononi, macho kwenye kisima chetu cha kuvunia mvua.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba. Mwambie mama, kiini kimekuja kuomba maji kwa vakuoli."

Mama hakuelewa neno, lakini alimjazia ndoo. Majirani walisikia, na jina likanata.

Kwenye mtihani andika kiini, mama, upate maksi zako.

Bibi yako,
Vakuoli