Damu ya Mama Yetu

Dakawa, msimu wa palizi

Dada Skola,

Shikamoo, tena ya kupiga magoti, maana najua una hasira na fimbo iko karibu. Mgongo wako waendeleaje? Mimi mzima. Dawa nameza kila siku kama ulivyoniapisha uliponiburuta kliniki, na wajane wa huku bado wananipikia.

Sasa kesi yangu. Kweli, Thadei mwanangu alitia saini. Lakini nisikilize.

Mjini Morogoro kuna daktari mwanamke, Mchaga, anachunguza damu ya sisi tuliokaa na virusi vya UKIMWI miaka mingi. Aliniambia, “Mzee Fideli, hiki kirusi kila kikizaana kinabadilika. Kinga ya mwili ikikijua leo, kesho haikijui.”

Nikamwambia huyo namfahamu, ni mpunga pori. Dada, huku shambani mpunga pori unajifanya mpunga kabisa. Vijana wanauacha, wanang’oa mpunga wenyewe. Mimi siangalii majani, naangalia shinani.

Akacheka mpaka akavua miwani. “Basi kinga yako nayo hushika shinani, pale ambapo kirusi hakibadiliki kirahisi. Tumeijaribu kwa aina nyingi za kirusi hicho, karibu zote imezitambua.”

Nikavimba kama chura. Mimi niliyetoroka shule darasa la nne, damu yangu imefaulu mtihani! Nikauliza kama ni ya kurithi. Akasema hapana, mwili umejifunza polepole, tena hauniponyi, dawa nisiache. Mimi nasema ubishi huo ni wa mama.

Wanataka damu zaidi, wajifunze namna ya kuwakinga wengine. Akaomba ndugu wa karibu ashuhudie. Thadei ndiye aliyenipeleka, akasaini. Kwa Wachaga mtoto ni wa baba, daktari hakuona kosa. Mimi nililiona nikanyamaza, kwa sababu sifa zilikuwa tamu. Thadei nampenda, lakini kwetu mtoto hufuata ukoo wa mama, naye ni wa ukoo wa mama yake. Damu ya mama yetu si yake kuisemea. Hapo umenishinda.

Nilipopata maneno yako nikarudi kwa daktari, nikamweleza.

“Kwa hiyo mwenye damu ni dada?”

“Alikuwa mjomba. Mjomba amekufa, amebaki huyo, na ni mkali kuliko marehemu.”

Nilidhani atanicheka. Akaweka kalamu chini. Akasema kwa sheria zao saini yangu inatosha, ila hatachukua hata tone mpaka uridhike. Kisha akauliza kama barabara ya kuja huko kwako Matombo inapitika na mvua hizi, maana anataka kuja mwenyewe kukuamkia. Dada, nimechomwa sindano na wengi. Huyu ndiye wa kwanza kuuliza damu ni ya nani.

Mwanao Anjela tulimzika kabla dawa hazijatufikia. Nikabaki mimi, mzee asiye na faida. Sitaki kwenda kaburini na kitu ambacho kingemfaa mtoto kama yule. Lakini ukisema hapana, mkono utabaki mfukoni na sitakulaumu.

Nisalimie shemeji, mwambie aache kunisema kilabuni. Msalimie mpwa wangu mwalimu, na bibi wa jirani anayejifanya hanikumbuki.

Ukikubali, mpe daktari mkungu wa ndizi arudi nao, nitaelewa. Ukikataa, mpe vilevile, yeye hana kosa. Matusi niletee mimi, hapo nitajua.

Mdogo wako mtukutu,
Fideli