Hema la Najma

Malishoni, karibu na Abalak, Niger
9 Februari 2024

Mama mpenzi,
Asalaam alaykum. Mgongo unaendeleaje, au cherehani bado inakutesa? Mimi na Attaher tu wazima. Tumefika kwa mama yake, wanakohamahama na mbuzi na ngamia. Mtandao wa simu hupatikana mtu akienda mjini tu, kwa hiyo usiogope nikinyamaza.

Mama, huku kwa Watuareg hema ni mali ya mwanamke. Mume akileta vurugu, anayetoka ni yeye! Lakini hema la bibi harusi hutoka kwa mama yake mzazi. Mama mkwe ananipenda, ila alisema, Attaher akanitafsiria: “Nikikupa mimi, utabaki mgeni wangu siku zote.” Basi mimi nalala kwake, na Attaher analala mchangani kama kapera. Utanishonea? Nina mimba pia.

Mwanao, Najma

La Rochelle, Johannesburg
21 Februari

Najma mwanangu,
Waalaykum salaam. Mgongo ni uleule. Jirani yetu Emérite anakusalimu. Hongera kwa mimba, nimefurahi mno.

Lakini eish, unajua unachoniomba? Tulipoikimbia Burundi, tuliishi hemani, kambini Kasulu, Tanzania. Kaka yako Fahad, ambaye ulizaliwa hayupo tena, alinifia humo, mvua ikiingia kila upande. Nimevuka nchi baada ya nchi nikikutafutia ukuta. Chumba hiki cha kupanga ni kidogo, lakini kina kuta. Njoo ujifungulie hapa. Hema sishoni.

Mama yako

Malishoni
14 Agosti

Mama,
Asalaam alaykum. U mzima? Najua umehangaika. Malisho yalikauka, mbuzi wengi wakafa, tukahamia kusini. Uchungu ukanishika njiani. Mama mkwe akasimamisha msafara, akasimika hema lake pale pale. Upepo wa mchanga ulitaka kuling'oa. Wanawake wakazishika kamba kwa mikono mpaka mtoto akatoka.

Ni msichana, Mama! Tumempa jina lako, Zubeda.

Baadaye mvua kubwa ikanyesha. Nilikuwaza wewe na Fahad. Nikapapasa mkeka chini ya mtoto: mkavu. Sasa majani yameota na ngamia wana maziwa. Sijakasirika ulivyokataa. Sikujua habari ya Kasulu.

Mwanao, Najma

La Rochelle
30 Septemba

Najma wangu,
Waalaykum salaam, na alhamdulillahi! Miezi yote hiyo, kila nikienda kusali msikitini kule Mayfair, niliwauliza Wasomali wa madukani kama wamesikia lolote la Niger. Barua yako nilimsomea Emérite. Tulilia, kisha akaniuliza, “Tunaanza kukata lini?”

Nimenunua turubai nene, rangi ya udongo, tumelishona likawa hema. Jana tulilisimika uani kulijaribu. Jirani wa Kizulu akaja mbio kuuliza nani amefariki, maana hapa hema uani ni msiba. Nikamwambia, “Hakuna msiba. Kuna aliyezaliwa.”

Emérite akalimwagia ndoo kwa ndoo za maji, mimi nikiwa ndani. Mwanangu, nilimwita Fahad kwa sauti. Lakini sikutoka. Na halikuvuja.

Silitumi kwa mtu, nakuja nalo. Attaher anipokee Niamey mwezi ujao. Nawe niandikie namna ya kumsalimia mkwe mwenzangu kwa lugha yake, nisije nikamwaibisha mjukuu wangu mlangoni.

Bibi yake Zubeda