Kwa Jotham, na kwa Rafiki Aliyekukaba Koo

Ni mwaka mmoja sasa, Baba Fiona, tangu kifua kikushinde hospitalini hapa Minneapolis, tukakuzika ardhi ikiwa ngumu kwa barafu.

Kiwandani Fridley walikuita Kamanda kwa utani, hawakujua kwamba uliwahi kuwa kamanda kweli. Asubuhi za baridi ulishuka ghorofani kwetu Cedar-Riverside na nyaya zako za betri, ukawawashia magari manesi wa Kikenya, huku ukiwasimanga kwamba wananunua rangi badala ya injini. Suruali zako ulizipiga pasi mwenyewe, ukidai nikizipiga mimi zinatoka na mikunjo miwili. Nakukosa mno, mume wangu, hata kwa maneno yako hayo.

Wengi wanaosoma hapa hawaijui habari yako na Eliakim. Mlisomea uafisa pamoja, mkala sahani moja. Ulimsimamia harusi yake na Philister, na Philister akawa anakuita shemeji na kukutandikia kitanda kila ulipopita kwao. Vita vya kwenu Uganda vilipowaka, wewe uliingia msituni, Eliakim akabaki jeshini, kila mmoja na kikosi chake. Mliagana kwa kukumbatiana, mkijua kwamba hakuna atakayemhurumia mwenzake. Na kweli hamkuhurumiana. Ulinisimulia malori yaliyoungua na watu ndani, vijana waliokatwa mapanga wakiwa wameinua mikono, na mto ambao askari wenu walikataa kunywa maji yake kwa sababu ya maiti.

Dada yako Lois alikijua kisa kimoja tu cha vita hivyo: kwamba Eliakim alimkamata mdogo wenu Zadock, akamfunga kwenye mti na kumpiga risasi kwa mkono wake. Kwa hiyo kwenye ubatizo wa mtoto wa Redempta, mwenzako wa kiwandani, kule Fridley, Eliakim alipoingia, mkimbizi mpya mwenye koti la kupewa, Lois aliinuka kumwendea. Lakini Eliakim alikuwa amekuona wewe. Alipindua meza ya pilau, akakubana ukutani na kukukaba koo hadi damu ikakutoka puani. Wewe, mtu wa vita, hukuinua hata kidole. Wanaume walimbandua kwa shida, na Lois akampasua kichwa kwa chupa ya soda.

Baada ya hapo watu walishangaa kuwaona kila Jumamosi mmekaa wawili ndani ya gari lako, hita imewashwa, mkimenya karanga. Mlikaa humo kwa sababu Lois alimkataza Eliakim asikanyage kwetu. Makaburini, siku ya kukuzika, alimsukuma akaanguka chini mbele ya mchungaji. Na nilipoanza kuandaa tangazo hili aliniambia, "Wifi, jina la muuaji likiingia, langu litoke."

Hospitalini ulinituma nimweleze Lois kisa kilichobaki. Kila nilipojaribu aliinuka mezani akaondoka. Basi niliandika hapa, nikampa asome kabla ya watu wengine.

Ulisema kwamba kabla ya Zadock kukamatwa, ulikuwa umeizingira kambi ya Eliakim. Wapiga mizinga wako walishindwa kuzilenga nyumba za maofisa nyuma ya kilima. Wewe ulizijua, ulishawahi kulala humo. Philister alikuwa na mimba ya kwanza, na kwenu mimba ya kwanza mwanamke huenda kujifungulia kwa mama yake. Uliamini ameshakwenda, ukawaelekeza pa kupiga. Hakuwa amekwenda. Barabara ya kwao ilikuwa imefungwa, na waliokuwa wameifunga ni askari wako. Eliakim alimfukua mkewe kwenye matofali, mkono huku, mguu kule. Alijua ni wewe, kwa kuwa upande wenu hakuna mwingine aliyeijua nyumba ile. Ndipo akamtafuta Zadock.

"Mimi ndiye niliyeanza, Mama Fiona," uliniambia. "Lois akimchukia, amchukie akijua yote."

Sikufichi, nilikukasirikia. Ulikuwa unakufa, nami nilikuwa nimeushika mkono wako huku nikimlilia mwanamke nisiyewahi kumwona.

Lois alisoma jikoni, amesimama, bado amevaa sare yake ya kazini Golden Valley. Alirudia kusoma. Kisha akauliza, "Mtoto alikuwa amekaribia kuzaliwa?" Nikamwambia ulisema alikuwa amekaribia sana. Alikaa chini akalia hadi Fiona akatoka chumbani kuuliza kwa Kiingereza nani amekufa.

Jina la Lois halitoki tena. Ila amesema hawezi, angalau mwaka huu, kuandikwa ubavuni mwa Eliakim, na ameomba awepo mtu katikati yao. Kwa hiyo majina chini ya picha yako tumeyapanga anavyotaka:

Mkeo Dativa. Binti yako Fiona. Dada yako Lois. Marehemu Philister na mtoto wake. Rafiki yako Eliakim.

Hatutakusahau, Jotham, siku zote za maisha yetu.