Kaseti ya Wanawake

Amu, 3 Februari 2024

Kwa mwanangu Ruqaiya,

Assalamu alaikum. Vipi afya yako na baridi ya Nairobi? Huku tu wazima, alhamdulillahi, ila goti la baba yako.

Simu uliyoniletea, ile yenye nyimbo zote za dunia, nimeifungia kabatini. Kitu kinachoimba bila kushikika mimi sikitaki. Kaseti uliyoomba, ya marehemu mama yako akiimba harusini kwa jirani yetu Nusra, nakutumia. Tuliirekodi wanawake watupu, buibui chini, mlango umefungwa. Isikilize na wanawake wenzako, kisha uirudishe. Harusi yako, Mfungo Mosi, Ramadhani ikiisha, tutakuimbia hizo hizo, inshallah.

Shangazi yako,
Ummu

Nairobi, 21 Februari 2024

Kwa shangazi mpenzi,

Waalaikumu salaam. Nakubusu mkono. Mimi sijambo. Nakuandikia kwa kalamu, kama mtu wa zama za kale, kwa sababu ya hilo kabati lako.

Kaseti yenyewe ni aibu, shangazi. Utepe umeota ukungu. Owen, fundi wa studio, alicheka mpaka akakaa chini. Hata makumbusho wataikataa. Ameisafisha sauti, nami nimeiweka mtandaoni. Mama anasikika hadi Maskati! Nyinyi mlimfungia kwenye kijisanduku cha plastiki, mimi nimemtoa.

Mwanao,
Ruqaiya

Amu, 4 Machi 2024

Ruqaiya,

Waalaikumu salaam. Afya yako siiulizi. Mtu asiye na haya hulala vizuri.

Owen amecheka. Huyo Owen alimsikia mama yako kwa ruhusa ya nani? Juzi baba yako alikuwa kwa kinyozi. Kijana mmoja akafungua simu, mama yako Hadia akaimba, wanaume wakapiga makofi. Baba yako alitoka na kichwa nusu hakijanyolewa, akaja kulia kwangu.

Ile kaseti unayoiona takataka, miaka yote, hakuna mwanamume aliyeisikia, maana ilitoka mkononi mwangu kwenda kwa ninayemjua. Hicho chako cha kisasa hakijui hata kubisha hodi. Iondoe.

Shangazi yako,
Ummu

Nairobi, 9 Machi 2024

Kwa shangazi yangu,

Assalamu alaikum. Mwenyezi Mungu ampe baba faraja, nawe afya.

Nimeiondoa. Lakini watu walikwisha kuinakili, na mmoja ameitia ngoma na kuiita yake. Siwezi kuwafikia. Naona aibu, shangazi, ila nanyi mmezidi. Rafiki yangu Israa ameniambia wanawake wa mtaani wameapa hawataniimbia. Harusi ya Amu bila nyimbo? Niozwe kama ninayezikwa? Anzisha wewe, wengine watafuata. Nakuomba kwa haki ya mama.

Mwanao,
Ruqaiya

Amu, 2 Aprili 2024

Kwa mwanangu Ruqaiya,

Waalaikumu salaam, na Ramadhani njema. Sote wazima. Baba yako atakuozesha kwa radhi, hilo usilihofu.

Nimezunguka nyumba kwa nyumba. Watakuja, watakupaka hina, watakuvisha vikuba vya asumini, watakula biriani yako yote. Kuimba, hapana. Bi Ruba, aliyemwitikia mama yako siku ile, hakunikaribisha hata kukaa. "Na aende ndia yake na simu yake," alisema.

Siku ya harusi yako nimeingojea tangu tumzike mama yako. Nitakaa ubavuni mwako, nitakushika mkono mpaka mwisho. Lakini kuimba, mwanangu, hata mimi nimekataa.

Shangazi yako,
Ummu