Kijani cha Gauni la Mama

Nyumbani, chumba cha nyuma
Jumapili mchana

Mpendwa Dada,

Hujambo huko? Shemeji naye? Na miguu yako, uvimbe umepungua? Sisi tupo, tunasukuma siku. Bonge wangu anaota magego na halali, kwa hiyo na mimi mama yake silali. Leo nimetia chumvi kwenye chai, nikainywa hadi nusu ndipo nikashtuka. Baba mzima, ila lile goti.

Sasa tuje kwenye picha ya marehemu Mama niliyokutumia. Ujumbe wako niliusoma kazini: "Umemfanya mweusi kama mkaa, huyo si Mama yangu." Dada, ulinichoma. Picha ile nimeisafisha mikwaruzo kwa saa zangu za kula, jicho moja kwa Mama, jingine kwenye simu nisije nikaitwa kwa ajili ya mtoto.

Basi nikamfungua Mama kwenye kompyuta zote tatu za studio. Ya mlangoni ilimtoa mwekundu kama ameungua. Ya katikati ikamtia ubluu, kama anasikia baridi. Yangu ikamwonyesha maji ya kunde. Bosi akapita, akasema, "Leo una mama watatu, na hakuna hata mmoja wa kukushikia mtoto?" Nilicheka mpaka machozi yakanitoka, na si yote yalikuwa ya kicheko.

Ndipo nikakumbuka gauni. Pichani amevaa lile la kijani na kilemba cha kitambaa hichohicho. Tulipogawana nguo zake, wewe ulichukua kilemba, mimi gauni. Nikaenda nalo kazini. Nikafumua upindo, maana humo ndani jua halijafika, kijani bado ni kile cha dukani. Nikafungua mapazia, nikaliweka kando ya kioo cha kila kompyuta, huku napunguza nyekundu, kule naongeza njano, mpaka kijani cha kwenye kioo kikawa sawa na cha mkononi. Mama akawa mmoja. Maji ya kunde, kama alivyokuwa.

Nawe fanya hivyo, tafadhali. Si kwenye simu, na si chini ya taa. Kaa na kompyuta karibu na dirisha, asubuhi. Geuza kilemba, shika upande wa ndani wa upindo. Rekebisha kioo chako mpaka kijani kifanane, kisha ndipo umtazame usoni.

Ukimwona bado mweusi kuliko unavyomkumbuka, basi si kioo, wala si mimi. Ulipoondoka alikuwa akishona ndani. Baadaye macho yalimchoka, akawa anauza miche ya maua kando ya barabara, na jua likamzoea. Picha hii ni ya siku hizo, hukumwona hivyo. Silaumu, mbali ni mbali. Lakini nikimng'arisha ili umtambue wewe, Baba hatamtambua. Ameshapiga msumari ukutani, na kila asubuhi anatundika kofia yake hapo ili usikae mtupu.

Ijumaa nachapisha.

Nisalimie Shemeji na wale mapacha, waambie mama mdogo anawapenda. Baba anakusalimu sana. Mungu akulinde, akupe usingizi, na ukibaki kidogo anigawie na mimi.

Mdogo wako, akupendaye hata ukimkasirisha.

Kijani nikikosea, niambie nitarekebisha. Uso niachie.