Wali wa Baridi Niliokusingizia

Njombe, Jumapili mchana

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo mama. Goti lako linaendeleaje? Na mpunga wa kule bondeni mmeshavuna wote, au maji bado yamekaa? Sisi huku wazima, shida yetu ni baridi tu. Asubuhi majani ya uani yanakuwa meupe kwa barafu, na mimi mfuma masweta ya shule natetemeka kuliko wateja wangu. Neema anakua. Yuko darasa la tatu sasa na jina lako halimtoki mdomoni.

Barua hii isome mwenyewe, polepole, kwa miwani yako. Usimpe kaka Deo akusomee. Kila nikikupigia simu nakusudia kukuambia, lakini ukianza kucheka tu naishia kuuliza habari za kuku. Sasa umesema unakuja kwenye komunyo ya Neema, sina tena pa kujificha.

Shule ya Neema haipiki. Kila mtoto hubeba chakula chake kwenye hotpoti. Basi kila asubuhi nilikuwa napika mchele wako unaonitumia kutoka Mofu, naumwaga kwenye sinia, naupepea kwa khanga mpaka upoe kabisa, ndipo nafunga. Unakumbuka tulivyokuwa tukimpelekea marehemu baba chakula kule shambani, akifukuza ndege juu ya dungu? Siku niliyofunika wali ukiwa bado unatoka moshi ulinichapa kofi mkononi. "We Skola, baba yako unampelekea wali au pombe? Kwa joto hili mpaka tufike umeshachacha!" Tangu siku ile sijafunika wali wa moto. Hata huku, ambako maji ya kunawa yanauma vidole, sikuwaza. Mikono ilifanya ilichozoea.

Hotpoti ikaanza kurudi na nusu ya chakula. Nilimgombeza Neema, nikamwambia anachezea jasho la bibi yake. Siku moja nikamnyima kwenda kucheza.

Wiki mbili zilizopita nilipeleka masweta pale shuleni saa ya chakula. Watoto walikuwa wamekaa barazani, kila hotpoti ikifunguliwa mvuke unatoka. Neema alikuwa kando peke yake. Ya kwake ameiingiza ndani ya sweta, ameikumbatia tumboni. Nikadhani anaumwa. Mwalimu wake akaniita, "Mama Neema, hebu njoo uone." Akaifungua, akachomeka kijiko kwenye wali, kikasimama chenyewe.

"Mtoto anajaribu kuupasha kwa tumbo lake, kila siku hivi," akasema. "Nani anayemfungia chakula?"

Palikuwa na akina mama wengine watatu, wote wakanigeukia. Mdomo wangu unaujua, huwa unatangulia. Nikasema, "Ni mama yangu, tunaishi naye. Mtu wa kijijini, mwalimu, mambo ya hotpoti hayajui." Wakacheka kidogo, kwa huruma. Na mimi nikacheka nao. Nilicheka, mama.

Neema alikuwa amesimama palepale. Aliniangalia, kisha akaangalia viatu vyake. Jioni nilipomuuliza kwa nini hakuniambia kwamba wali unakuwa wa baridi, alisema, "Si huwa unasema ukiupepea, bibi ndivyo anavyofunga? Nikajua ndiyo vizuri."

Siku hizi nasuuza hotpoti kwa maji ya moto, napakua wali ukitoka moshi, nakaza kifuniko, nazungushia kitenge. Neema anamaliza mpaka punje ya mwisho. Lakini mwalimu amefurahi, na shukrani zote anakutumia wewe. "Mwambie bibi ahsante, amejifunza haraka." Na mmoja wa wale akina mama amekuwekea kitenge kizito, anasema siku akikuona atakuonyesha namna ya kukizungusha. Wanakungoja hao. Wanamngoja bibi asiyejua kitu, wakati wewe ndiye uliyekuwa ukiwalisha wavunaji wote wa baba na hakuna hata mmoja aliyerudi kwake na njaa.

Jumatatu nilikwenda kusema ukweli. Nilifika mpaka mlangoni kwa mwalimu, nikauliza kama kuna mtoto anayehitaji sweta, nikarudi zangu. Mtu mzima mimi. Naona aibu hata kuandika.

Halafu jana, nikimkata kucha Neema, akaniuliza, "Mama, bibi akija, tumwambie mwalimu huyu ni bibi mwingine?" Hakuwa ananisuta. Alikuwa ananitafutia njia ya kuendelea kudanganya, maskini, kwa sababu ananipenda.

Ndipo nikachukua kalamu. Kesho asubuhi nampa konda wa basi bahasha hii ndani ya mfuko, na nikitoka stendi naenda moja kwa moja shuleni nikiwa nimemshika Neema mkono. Nitasema mbele yake, kama nilivyokusingizia mbele yake. Ukiona huwezi kuja, nitaelewa. Ukija, kwenye mfuko huu kuna sweta la kahawia nililokufumia, livae kabla hujafika Njombe.

Nisalimie mama mdogo wa Lupiro, mwambie mbegu zake za maboga zimeota. Msalimie kaka Deo na shemeji, na babu mlinzi wa kanisa, shikamoo yake. Mimi nakupigia magoti, mama. Unisamehe.

Neema anasema nikuandikie kwamba wali wako, hata ulipokuwa wa baridi, alikuwa anajitahidi mpaka nusu.

Ni mimi mwanao,
Skolastika